Magunia ya Mama Mkwe

Vijana wangu wa bohari la Urambo, funguo nimekwisha kabidhi, na koti langu la kazi nimelifua kwa mara ya mwisho. Mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nitaandika, lakini msinitafutie humu habari za lini nilipandishwa cheo na mshahara ulikuwaje. Cheo kilikuwa kilekile, kikipewa jina jipya kila alipokuja bwana mpya, na mshahara mnaujua, maana sasa mnaupokea nyinyi. Nitaandika juu ya mbolea ya chumvichumvi, na zaidi juu ya magunia yake matupu. Gunia lililojaa kila mtu huliogopa kidogo. Tatizo letu siku zote limekuwa gunia tupu, kwa sababu hilo kila mtu analitaka.

Nilianzia stesheni ya Tabora, kwenye banda la mizigo, kabla ya vita vya Hitla. Nilikuwa na miguu mirefu, shati moja na majivuno mengi. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku kwetu hadi Bagamoyo, na nyumbani tulilelewa tukijua kwamba kubeba mzigo ni jambo la fahari. Basi siku ya kwanza nikaambiwa nishushe magunia kutoka kwenye behewa. Nikavua shati lisichafuke, nikatia gunia begani, nikaanza kukimbia nalo kana kwamba kuna wachumba wananitazama. Kufika saa sita jasho lilikuwa limekutana na ule unga mweupe unaovuja kwenye mishono, na bega zima linaniwasha kama nimepakwa pilipili.

Msimamizi wa banda alikuwa Mzee Abdalla. Alizaliwa palepale Tabora mjini, kwenye zile nyumba za Waarabu waliokuja na biashara enzi za misafara wakasahau kurudi Maskati. Kanzu aliivaa Ijumaa tu. Siku nyingine alivaa kaptula ya kaki iliyompita magoti, na kofia ambayo hakuivua hata alipoinama chini ya behewa. Aliniona nikijikuna, akaniita.

"We Mnyamwezi, shati umeliacha nyumbani, na shikamoo nayo umeiacha hukohuko?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nenda bombani ukaoge, kisha uvae shati lako. Huo si mchele uliobeba."

Nikaoga kwa maji mengi mpaka bega likapoa. Niliporudi alinipa kipande cha turubai nikiweke begani, akanionya nisile chochote kabla ya kunawa. Hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza, na mpaka leo sijaona kitabu kilichosema zaidi ya hapo juu ya ngozi ya mbeba mbolea. Maji mengi, shati, mikono safi kabla ya chakula. Mnacheka, lakini wiki iliyopita nimemwona mmoja wenu akila muhindi wa kuchoma juu ya rundo la magunia. Jina silitaji, mwenyewe anajijua.

Baadaye tulizoeana, tukawa tunataniana. Mzee Abdalla alipenda kuniambia, "Babu yangu ndiye aliyembebesha babu yako." Nami nilimjibu, "Na babu yangu ndiye aliyemfikisha babu yako, maana mwenyewe alikuwa amelala kwenye machela." Akicheka, kofia yake ilisogea kidogo tu, na kwake hicho kilikuwa kicheko kikubwa.

Alikuwa na namna yake ya kupanga mizigo. Mzigo ukishuka, swali lake la kwanza lilikuwa: "Huyu nani, na amegombana na nani?" Alilipanga banda kama mtu anayepanga wageni wa arusi kutoka koo mbili zenye ugomvi. Mafuta ya taa kule mwisho, peke yake. Makaa upande wa pili wa ukuta. Salfeti, ile mbolea iliyoniwasha bega, aliiweka mahali pakavu ili isigande. Lakini naitreti, ile chumvi ya mbolea inayonyonya unyevu hewani, aliipa chumba chake na mlango wake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hiyo ipewe heshima ya sultani. Akachota kidogo kwa kijiti, akanionyesha.

"Hii ni ndugu yake shura. Unaijua shura?"

"Siijui, mzee."

"Babu yangu alichanganya shura na makaa na unga wa kiberiti, akapata baruti ya magobori. Shura peke yake haifanyi kitu, imekaa tu kama hivi. Shida inaanza ikipata mwenzake. Sasa wewe asubuhi ulitaka kuiweka karibu na makaa ya watu."

Kweli nilitaka, kwa sababu kule karibu na makaa kulikuwa na kivuli.

Nilidhani ananitisha, kama wazee wanavyowatisha vijana wapya. Kisha ukaja ule mchana wa moto. Nyuma ya banda tulikuwa na lundo la magunia matupu yaliyotolewa naitreti, magunia ya katani, mepesi, hayana kitu ndani. Kuli mmoja alimaliza sigara yake, akatupa kipande. Jamani! Gunia la kawaida mnalijua, huwaka taratibu na moshi mwingi. Haya yalifoka. Moto wake ulikuwa wa manjano makali kama kiini cha yai, na ulikimbia kutoka gunia hadi gunia kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi. Mtu mmoja akatupia turubai juu ili auzibe, na moto ukaendelea kuwaka chini yake mpaka ukalitoboa.

"Maji!" alipiga kelele Mzee Abdalla, na ndiyo mara pekee nilimsikia akipiga kelele. "Mwagieni maji mengi! Acheni kufunika!"

Tukamwaga ndoo kwa ndoo mpaka ukafa. Watu wawili waliungua nyusi, na ukuta ulibaki mweusi miaka yote niliyokuwa pale. Jioni mzee alinieleza. Naitreti huyeyuka kwa unyevu, ikaingia kwenye nyuzi za gunia, kisha gunia likikauka nyuzi zinakuwa zimeshiba chumvi. Moto wake hauhitaji hewa ya nje, unayo ya kwake ndani, ndiyo maana kuufunika ni kazi bure. Gunia la namna hiyo likiwa na unyevu limenyamaza kabisa, unaweza kulala juu yake. Hatari ni likikauka.

Akanifundisha na kipimo chake. Unang'oa uzi mmoja kwenye gunia, unatoka nao nje mbali na bohari, unaukausha vizuri, unaugusisha kaa la moto. Gunia likiwa safi, uzi unaungua kwa uvivu na kuzimika wenyewe. Likiwa bado na chumvi, uzi unafoka. Wengine walikuwa wakipima kwa kuonja na ulimi, maana shura ina ubaridi wake mdomoni. Mzee Abdalla alikataza, nami nakataza. Ulimi una kazi nyingine.

Baada ya vita niliagana naye, nikaja Urambo. Karanga zilikuwa zimelimwa hapa kwa mashine kubwa kuliko nyumba, kisha ikaja zamu ya tumbaku, na tumbaku inakula mbolea. Bohari hili mlilolirithi nililikuta halina dari wala sakafu ya maana. Tulipanga magogo chini, juu yake mbao, ndipo magunia, na kati ya magunia na ukuta tuliacha nafasi ya mtu kupita na ufagio. Mnaponung'unika kwamba nafasi ile inapoteza mahali, kumbukeni ni hiyo inayowaonyesha paa linapovuja. Taa ya mafuta haikuingia, tulitumia tochi. Mbolea iliyomwagika ilizolewa siku ileile na kuwekwa kwenye chombo chake, haikurudishwa na takataka zake ndani ya gunia.

Bwana wetu wa kwanza, Mzungu mmoja mpole, alikuwa na kiko kisichotoka mdomoni, nasi tukamwita Bwana Kiko. Siku ya kwanza nilimzuia mlangoni. Kumzuia Mzungu mlangoni mwa bohari lake mwenyewe halikuwa jambo la kila siku. Akalitazama gunia, akasoma maandishi yake, akatazama kiko. Kisha akakigonga nje, akaniomba kopo. Kopo lile la maziwa lenye mchanga pale kwenye nguzo ya mlango, ambalo mnatilia vipande vyenu vya sigara, asili yake ni hiyo.

Msimu mmoja paa lilivuja, salfeti ikaganda ikawa kama mwamba. Fundi wa baruti aliyekuwa akilipua visiki mashambani alikuja kwa ukarimu kabisa, akasema atatupasulia kwa fimbo moja tu ya baruti, na hatatudai kitu. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka njiani. Tuligonga kwa nyundo ya mti siku kadhaa, mikono ikatuvimba, na bohari likabaki mahali pake.

Sasa nifike kwenye magunia.

Nyinyi mliotoka pwani mjue kwamba huku kwetu gunia tupu ni mali. Masika unakunja pembe moja ndani ya pembe ya pili, unalivaa kichwani, tayari una koti la mvua. Ni blanketi, ni pazia, ni mlango wa choo. Mkulima alikuja kuchukua mbolea akiwa amenuna, lakini akifikiria magunia atakayobaki nayo uso unakunjuka. Kwa hiyo tuliweka sharti: gunia lililotoka limejaa lirudi tupu, na tupu halitoki mpaka lioshwe maji matatu, likaushwe, lipimwe uzi. Na maji ya kuoshea yaliingia kwenye shimo tulilolizungushia miiba, kwa sababu ng'ombe wanapenda chumvi kuliko maisha yao, na maji yale yangewaua. Mchungaji mmoja Msukuma alitusihi tuwaache ng'ombe wake wanywe, aliona tunamwaga chumvi nzuri bure. Tulikataa, naye akaondoka akisema watu wa bohari wana roho mbaya.

Sharti lile nilikuwa nalo raha mustarehe, mpaka nilipooa.

Nilimwoa Monika, wa familia ya Wamoravian, kijiji cha mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka hapa. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mbuga. Nami nilimheshimu kama desturi yetu ilivyotaka: sikumtazama usoni, sikula mbele yake, nikikutana naye njiani nilipisha porini. Chumbani kwake kuingia ilikuwa haramu. Kumsalimu, nilipiga magoti mbali, nikapiga makofi taratibu. Na neno lolote kati yetu lilipita kwa mtu wa tatu, na huyo alikuwa shemeji yangu Petro, kaka yake Monika, kibarua kwenye shamba la tumbaku la mlowezi mmoja. Petro ni mtu mwema sana. Kama kuna ubaya wake, ni kwamba hawezi kumwambia mtu jambo la kumuudhi.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Monika alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi. Mama mkwe alikuwa na michembe mingi, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, na mvua inakaribia. Akamtuma Petro: mkwe wangu anipe magunia manne. Manne tu, na mimi nilikuwa na lundo zima ndani ya uzio. Lakini kisima kilikuwa kimepungua, maji tunayapima kwa kikombe, na hakuna gunia lililooshwa tangu mwezi uliopita.

"Mwambie mama," nilimwambia Petro, "magunia yapo, ila yana chumvi inayoshika moto. Ni hatari. Avumilie mvua inyeshe, nimwoshee mwenyewe nimletee."

"Nitamwambia, shemeji."

Petro akaenda, njiani akaanza kuona haya. Utamwambiaje mama kwamba mkwewe anayo magunia na amekataa? Akaona heri maneno laini. Akamwambia, "Mama, shemeji anasikitika, magunia yamekwisha."

Jumapili iliyofuata mama mkwe alitoka kanisani, akapita njia ya bohari, akayaona yote, lundo kama kichuguu. Jioni nikapata ujumbe wake: "Mwambieni mkwe wangu kwamba macho yangu bado mazima." Na wa pili ukafuata: Monika na mtoto atakayezaliwa hawatarudi kwangu mpaka aje mtu wa kumweleza vizuri kwa nini ananyimwa na mkwewe. Nikamtuma tena Petro. Mtanicheka, lakini ningemtuma nani? Petro akaenda akasema bado nalishughulikia suala hilo.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Shangazi yake Monika alimtoa uani nikamwona mara moja, amefumba ngumi kama anayedai chake. Kisha akarudishwa ndani, nami nikarudi nyumbani peke yangu. Niliumia. Nilipika uji wangu, nikala na kulala katika nyumba isiyo na sauti, na mchana nikayatazama yale magunia nikiwaza kumpelekea, potelea mbali. Sikumpelekea. Kila nilipofika penye uzio niliuona ule ukuta mweusi wa Tabora.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Petro alikuja na gari la shamba kuchukua mbolea, uso unang'aa.

"Shemeji, mambo yamekwisha. Mama amepoa."

"Amepoaje?"

"Nilimpatia magunia mawili, kati ya yale ya shambani kwetu. Nikaona tumalize ugomvi."

"Yalioshwa?"

"Sasa shemeji, yaoshwe na nani? Ni matupu kabisa, nimeyakung'uta mwenyewe."

Nikajilazimisha kuwa mtulivu. "Ametilia michembe?"

"La, michembe ameshaihifadhi kwenye vilindo vyake vya magome ya mti. Amemshonea Monika godoro. Nyasi kavu tele ndani, godoro la kisultani. Ila dada naye haridhiki. Anasema linamwasha mgongo, na halikauki, hata likiwa karibu na moto."

"Karibu na moto?"

"Shemeji, kwa baridi ya mvua hii! Unataka mzazi na mtoto wasiote moto?"

Ile habari ya godoro lisilokauka ilitosha, maana najua ni nini kinachonyonya unyevu namna ile. Nyasi kavu ndani, nyuzi zilizoshiba chumvi nje, mke wangu na mtoto wangu juu yake, na moto pembeni ukilikausha kidogokidogo. Nilimwachia Petro funguo, nikapanda baiskeli.

Niliogopa, vijana wangu. Nimefanya kazi na sumu na baruti za kila namna, lakini hofu ya njia ile sijaionja tena. Tope lilishika magurudumu, nikaibeba baiskeli begani kama babu yangu na pembe yake, nikakimbia. Nilikuwa naiomba mvua isikatike. Mtu aliyenikuta alinisalimu, nikapita bila kuitikia, na habari hiyo nayo ilifika kijijini.

Nilipofika niliita hodi mara moja, sikungoja kukaribishwa. Nikapita uani, nikapita mlango, nikaingia chumba cha ndani kwa mama mkwe wangu na matope yangu. Monika alikuwa amejilaza, mtoto kifuani, na moto mzuri unawaka kwenye mafiga. Mdogo wake, Agnesi, binti mdogo tu wakati ule, alikuwa ameinama anaupuliza. Kila akipuliza, cheche zinaruka.

"Acha kupuliza!" nikasema. "Monika, inuka. Shika mtoto, utoke nje."

"Yohana! Una wazimu? Mama yupo jikoni!"

"Inuka, mke wangu."

Alinitazama usoni, akainuka. Nilishika pembe ya godoro nikalikokota mpaka uani, kwenye mvua. Ndipo mama mkwe akatokea jikoni na upawa mkononi. Akaniona nikitoka chumbani kwake na godoro alilolishona mwenyewe.

"Mayu wane!" alilia, yaani mama yangu. "Kaninyima magunia, sasa kaja kupokonya haya!"

Upawa ukatua begani kwangu, bega lilelile la siku ya kwanza Tabora. Nikaukubali. Nikapiga magoti palepale topeni, bado nimelishika godoro, nikachana kipande upande ule uliokuwa ukitazama moto, uliokuwa umeanza kukauka. Nikamwomba Agnesi aniletee kaa juu ya kigae. Chini ya upenu, mbali na nyasi, nilishika uzi mmoja juu ya joto mpaka ukakauka, nikaugusisha.

Ukafoka. Mwale wa manjano, fsss, ukaisha kabla hujapepesa. Nikafanya na wa pili. Baada ya hapo nikakiweka kile kipande kizima juu ya kaa, na kila mtu uani akarudi nyuma.

Mama mkwe alibaki na upawa hewani. Alilitazama godoro, akamtazama mjukuu wake mikononi mwa Monika, akalitazama tena godoro. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alinisemesha mwenyewe, uso kwa uso.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ulipoyaomba, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimtuma Petro."

"Petro aliniambia yamekwisha."

Petro alikuwa amewasili wakati huo, anahema, amenifuata mbio kwa miguu, gari ameliacha boharini kwa ajili ya tope. Akatutazama sote.

"Mama, ilikuwa heshima tu," akasema.

"Heshima!" alisema mama mkwe. "Heshima yako ingeniteketezea mjukuu!" Akaketi chini uani, kwenye mvua, akalia. Nami nililia, sioni haya kuliandika. Mtoto peke yake ndiye aliyelala usingizi.

Kesho yake nilitozwa mbuzi kwa kuingia chumbani kwa mkwe bila ruhusa. Msidhani kwamba kuokoa watu kunafuta desturi. Nilimleta mbuzi, akaliwa, na nyama nzuri nikapelekewa nyumbani mimi, ameibeba Monika mwenyewe, na mtoto mgongoni.

Tangu msimu ule kazi yetu ilibadilika kidogo, nanyi mmeikuta ilivyo bila kujua sababu. Nilimwomba Bwana Kiko tuwaruhusu wanawake wa vijijini waje boharini. Sisi tulikuwa tunawahubiria wanaume, nao wakifika nyumbani wanasema maneno laini kama Petro, na wanaoshona na kuwasha moto ni wake zao. Akakubali. Ndiyo maana kila mbolea inapofika mnawaona kina mama pale kwenye uwanja, na mmoja wetu anang'oa nyuzi mbele yao na kuziwasha. Msiache kazi hiyo mkaona ni mchezo. Miaka ya kwanza aliyesimamia uoshaji pale shimoni ni mama mkwe wangu, na gunia la maji mawili halikumpita. Neno lake kwangu lilipita kwa Petro, kama zamani, ila Petro sasa alilazimishwa kulirudia kabla hajaondoka.

Nimalizie na la juzi. Nilikuwa nimekaa kibarazani, siku za mwanzo za kustaafu, sijui mikono niiweke wapi. Petro akaja.

"Mama anakuita. Anasema uingie ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani. Nimelirudia neno lake, shemeji, sijalilainisha."

Nilidhani mama anakata roho. Nikaendesha ile baiskeli mpaka magoti yakanung'unika. Nikamkuta mzima, ameketi kizingitini, amegeuza uso pembeni kwa adabu. Agnesi, yule aliyekuwa akipuliza moto, ameolewa, na amerudi kwao na tumbo kubwa kujifungua mtoto wa kwanza. Ndani kulikuwa na godoro jipya la magunia, yameoshwa mpaka yamekuwa meupe.

"Petro," alisema mama mkwe, nami nimesimama hatua chache kutoka kwake, "mwambie mkwe wangu aingie apime. Mbuzi sitamtoza."

Nikaingia kwenye mlango ule. Nikapiga magoti kando ya godoro, nikang'oa uzi, nikatoka nao mpaka upenuni. Agnesi akaniletea kaa juu ya kigae. Uzi ukaungua kwa uvivu, ukatoa moshi kidogo, ukazimika wenyewe.

"Petro, mwambie mama ni safi."

Petro akafungua kinywa.

"Nimesikia," alisema mama mkwe. "Mwambie apime na upande wa pili."

Nikarudi ndani, nikapiga magoti tena, nikang'oa uzi wa upande wa pili.